Someni au Chomeni? Kuhusu Sauti Inayokwaruza

Kila aliyewahi kununua sabufa mpya anaujua ugonjwa huu. Siku ya kwanza sebule nzima inatetemeka kwa besi, vioo vya kabati vinagongana, majirani wanapita dirishani taratibu, na mwenye nyumba anaona hela yake haikupotea. Siku ya tatu au ya nne, raha ya besi ikishazoeleka, anaanza kusikia kitu kingine. Mtangazaji akisema "asante sana msikilizaji", zile S zinatoka kama kitunguu kinachotupwa kwenye mafuta ya moto. Kwenye filamu kila SH inachoma na kila CH inakata. Ukiongeza sauti, masikio yanauma. Ukipunguza, husikii wanachoongea.

Korogwe, pale Manundu, na Handeni, kwenye vibanda vya mafundi wa Chanika, lalamiko hili halishi. Na ukikaa kwenye benchi la fundi nusu saa tu utagundua kwamba mteja haleti redio peke yake, analeta na hukumu. Mmoja anasema ameuziwa feki. Wa pili anasema ni umeme, eti volti zinapanda na kushuka kama bei ya nyanya. Wa tatu anasema ni watoto, maana alipokwenda Tanga waliifungulia mpaka mwisho. Wa nne hana neno na mashine yake, analaumu wanamuziki wa siku hizi. Kila mmoja ameshamjua mkosaji kabla hajafika. Kwa fundi amefuata utekelezaji wa adhabu tu.

Nimekuwa nikizifikiria hukumu hizi kwa muda. Kazi yangu ni uandishi wa habari, yaani kwa sehemu kubwa ni kazi ya kusikiliza, na naona tunachowafanyia watu kinafanana sana na tunachozifanyia spika. Sauti inapotuchoma tunauliza maswali mawili kwa mkupuo mmoja: nani mwenye kosa, na nani ana haki ya kupunguza? Tena tunayajibu palepale, mkono ukiwa tayari kwenye kitufe cha trebo. Hebu leo tuyachukue polepole, tukianzia kwenye redio yenyewe, maana redio haina chama wala ukoo.

Tuanze na hiyo S. Wanaisimu wetu wanaziita S, Z na SH vikwamizi: hewa inalazimishwa kupita kwenye upenyo mwembamba kati ya ulimi na sehemu ya juu ya kinywa, inakwama, inatoa mchirizo. CH ni ndugu yao, inaanza kwa kuzibwa na kumalizia kwa kukwama. Irabu kama A na O zinakaa chini, nguvu yake ikiwa kwenye mitetemo ya mamia kadhaa mpaka elfu moja na kitu kwa sekunde. S inakaa juu kabisa. Nguvu yake kubwa iko kati ya mitetemo 5,000 na 8,000 kwa sekunde, pengine zaidi. Ndiyo maana kwenye spika yenye vichwa viwili, A itatoka zaidi kwenye kile kikubwa, na S itatoka kwenye kile kidogo cha juu ambacho mafundi wanakiita twita.

Irabu ndizo zinazoipa sauti ukubwa wake, lakini kwa kiasi kikubwa maana inabebwa na hizo nyembamba. Chukua maneno haya manne: pasa, paza, pasha, pacha. Irabu ni zilezile, herufi ya mwanzo ni ileile. Kinachotenganisha wajibu, kelele, habari na watoto wawili wa mimba moja ni mchirizo wa sehemu ndogo ya sekunde. Suka, zuka, shuka. Sisi na zizi. Halafu kuna ile inayonitisha mimi kama mpenzi wa vitabu: soma na choma. Mwalimu akisema redioni "someni vitabu", ile S ikaliwa njiani, sikio linabaki kubahatisha.

Si jambo la kufikirika. Simu ya zamani ya mezani ilitengenezwa kupitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 tu kwa sekunde, kwa hiyo makazi ya S yakabaki nje ya uzio. Wakubwa zetu wanakumbuka ilivyokuwa: mtu anamtambua mamake kwa neno la kwanza, anajua hata kwamba amekuwa akilia, lakini likija jina la mtu au la kijiji lazima litajwe herufi kwa herufi, "S kama Salimu, siyo F kama Fatuma". Ilikuwa sauti laini isiyomchoma mtu sikio. Gharama ya ulaini huo ilikuwa maneno yenyewe.

Kwa hiyo tayari tuna tatizo la kimaadili ndani ya tatizo la fundi. Sehemu ya sauti inayouma zaidi ndiyo hiyohiyo inayosema. Ukiitoa, umepata amani na umepoteza habari.

Sasa twende kwa fundi. Yupo mmoja Korogwe ambaye nimekaa kwenye benchi lake mara kadhaa, mtu mzima wa maneno machache. Ana kanuni moja anayowarudia vijana wake kila siku: usiguse vitu viwili kwa mpigo. Ukigusa viwili ikapona, hujui kilichoiponya. Ukigusa viwili ikazidi, hujui kilichoiua. Mwingereza John Stuart Mill aliandika kitabu kizima cha mantiki mwaka 1843, *A System of Logic*, na moja ya kanuni zake mashuhuri ndiyo hii: kama hali mbili zinafanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na matokeo yakatofautiana, basi kichunguze hicho kimoja. Fundi wangu hajawahi kumsoma Mill. Aliyajua hayo kwa kuunguza vifaa vya watu na kuvilipa.

Kwanza anachomeka flashi yake mwenyewe. Humo kuna rekodi ya mtu anasoma habari, safi, anayoijua kama anavyoijua sauti ya mkewe. Ikitoka vizuri, mashine haina kosa, kosa limekuja na nyimbo za mteja. Na nyimbo nyingi za mtaani zimesafiri sana. Zimepakuliwa, zimebanwa ziwe ndogo, zimetumwa kwa WhatsApp, zimeingizwa kwenye simu kibandani, zimebadilishwa tena. Mfumo wa MP3 unaokoa nafasi kwa kutupa sauti ambazo unakisia sikio halitazikosa, na faili likibanwa sana S ni miongoni mwa za kwanza kuumia. Zinakuwa za majimaji, kama mtu anaongea huku ana maji mdomoni. Kila kubanwa upya ni kutupa upya, na hakuna twita duniani inayoweza kurudisha kilichotupwa.

Rekodi yake nayo ikichoma, anabadilisha waya: wa kushoto anaupeleka kulia, wa kulia kushoto. Ukali ukihama na waya, ugonjwa uko nyuma, kwenye amplifaya au inakotoka sauti. Ukibaki kwenye boksi lilelile, basi ni boksi: twita imechoka, au ile kapasita ndogo inayoizuilia twita sauti nzito imekufa, au kiwandani hawakuiweka kabisa ili kubana matumizi. Ni jaribio la dakika mbili, wala halihitaji kipimo chochote. Lakini ni watu wangapi walishatupa boksi zima kwa sababu hawakubadilisha waya?

Tatu, anaangalia nani ameongeza nini. Hapa ndipo anapocheka. Televisheni imewekewa mpangilio wa kung'arisha sauti. Simu inayotuma muziki kwa Bluetooth nayo ina ekwalaiza yake imeachwa kwenye "Rock". Sabufa yenyewe trebo imepandishwa mpaka mwisho. Wapishi watatu wametia chumvi chungu kimoja, hakuna aliyemwambia mwenzake, na kila mmoja ataapa kwamba alitia kidogo tu.

Nne, anauliza mashine inakaa chumba gani. Sauti nyembamba inakwenda kama mwanga wa tochi, moja kwa moja, na ikikuta kitu kigumu inarudi. Besi inasambaa kama moshi. Nyumba mpya yenye vigae chini, madirisha ya vioo, bati juu bila dari, haina kitu cha kuinywa S ikaisha. Inagonga ukuta, inarudi, inakuchoma mara ya pili. Sabufa hiyohiyo ukiipeleka nyumba yenye mikeka, mapazia mazito na godoro limeegemezwa pembeni, inatulia kama imefanyiwa dua. Wakati mwingine dawa ni kuligeuza boksi kidogo tu, twita isimwangalie mtu usoni, na kutandika mkeka.

La tano ndilo lililonifanya niandike makala haya. Ni nguvu.

Boksi la sabufa ya bei ya kawaida limeandikwa maelfu ya wati, kwa herufi kubwa, na kando yake kuna herufi PMPO. Geuza mashine nyuma, pale unapoingia waya wa umeme, usome maandishi madogo: mara nyingi inakula makumi machache tu ya wati. Kwa nguvu hiyo ndogo tunaitaka itetemeshe mtaa. Besi ndiyo inayokula nguvu nyingi kuliko zote, na kwenye mashine hizi besi na spika ndogo zinakunywa kwenye transfoma moja. Ukiipandisha besi mpaka mwisho, amplifaya inafika mahali haina cha kutoa tena. Mawimbi ya sauti yanataka kupanda, hayana pa kupandia, yanakatwa vichwa. Wimbi lililokatwa kichwa linazaa sauti nyingi nyembamba ambazo hazikuwemo kwenye wimbo, nazo zinakimbilia kwenye twita. Hapo ndipo S inakuwa msumeno. Umeme ukiwa mdogo kuliko kawaida, saa za jioni kila mtu amewasha vyake, hali hiyo inakuja mapema zaidi.

Ndiyo maana mara nyingine fundi anapunguza besi. Mteja anashangaa: "Fundi, mimi nimekuja na tatizo la juu, wewe unanishushia la chini?" Anaambiwa asikilize. Anasikiliza. S imelainika, na trebo haikuguswa.

Tulizoea kudhani kwamba sauti inakwaruza kwa sababu ina nguvu nyingi mno. Mara nyingi inakwaruza kwa sababu nguvu yake haitoshi na imelazimishwa kufika mbali. Inatoa yote iliyo nayo na bado haifiki. Toka nilipolielewa hili kwenye redio, nimeshindwa kusikiliza watu kama zamani.

Nitoe mfano mmoja wa kazini. Kijiji kimoja wilayani Handeni kulikuwa na mkutano kuhusu maji. Maji ni habari ya zamani Handeni. Ni wilaya kavu inayotazama upande wa Korogwe, upande wa Mto Pangani, na inategemea bomba kuu linalotoka huko. Mama mmoja akasimama. Kipaza sauti cha mkutano kilikuwa cha betri, na betri ilikuwa inakaribia kuisha. Watu walikuwa wengi, uwanja wazi, upepo unavuma. Akapiga kelele ili afike nyuma. Alisema mambo matatu ya maana, yenye tarehe na hesabu za ndoo, na akamalizia hivi: "Mnakuja na madaftari, mnaondoka na madaftari, sisi tunabaki na ndoo."

Kwenye chumba cha kuhariri, katika kituo kimoja cha redio ambacho sina haja ya kukitaja, rekodi ile ilisikilizwa kwa sekunde kumi na tano. Hukumu ikatoka: "Huyu mama anachoma. Tafuta mwingine." Fundi mitambo alijitolea kuipunguza pale tu palipozidi, kwenye ule ukanda mwembamba wa S, na kuacha mengine. Aliomba dakika kumi. Hakupewa. Kilichorushwa hewani ni ofisa mmoja aliyehojiwa ofisini kwake, sauti imetulia, kila neno linasikika. Na ile ofisi, nakumbuka vizuri, ilikuwa na zulia, pazia zito na kiti cha kitambaa.

Mtu angesikiliza taarifa ile angesema ofisa ni mstaarabu, ana hoja. Labda alikuwa nazo. Lakini sehemu ya ustaarabu wa sauti yake ilikuwa ya zulia na pazia, na sehemu ya ukali wa yule mama ilikuwa ya betri. Tulipima chumba, tukadhani tumepima mtu. Swali la nani ana kosa lilijibiwa bila kubadilisha hata waya mmoja.

Hapa wapenzi wa fasihi mtakuwa mmeshanitangulia. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapahapa Tanga, aliandika *Kusadikika* mwaka 1951. Mle ndani Karama yuko kizimbani, na utetezi wake ni kuikumbusha baraza habari za wajumbe sita. Walitumwa pande zote nne, na mbinguni, na ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, na malipo yao yakawa kifungo. Nikikisoma kitabu kile siku hizi naona jambo moja la kawaida kabisa ambalo ndilo linalofanya hadithi iwezekane: Karama anaachwa aseme, siku baada ya siku, mpaka amalize. Hakuna aliyepunguza trebo baada ya sekunde kumi na tano.

Chukua na *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Ilichoma, ikapigwa marufuku shuleni, na baadaye ikarudi darasani. Maneno ya kitabu hayakuwa yamebadilika. Waliosema kitabu ni kikali mno hawakukosea kuhusu ukali. Swali walilolikwepa ni kama ukali ule uliongezwa na mwandishi au ulikuwemo tayari kwenye maisha aliyoyarekodi: ubabe wa baba, hatari anayokutana nayo binti akiwa shuleni, watu wazima wanaojua na kunyamaza. Spika inayotoa S iliyopo kwenye rekodi haina kosa la S hiyo.

Najua kuna msomaji ananisubiri hapa. Ataniuliza: kwa hiyo kila anayepiga kelele ana haki? Kila andishi linaloudhi ni ukweli? Hapana, na ndiyo sababu nimehangaika na hatua tano za fundi badala ya kukimbilia mafundisho. Wapo wanaoweka ekwalaiza kwenye "Rock" makusudi. Mwanasiasa anayejua kwamba hasira inasikika mbali kuliko hesabu. Mhubiri anayedhani kipaza sauti kisipolia Mungu hasikii. Mtu wa mtandaoni ambaye kila sentensi yake ina mshangao mitatu. Na sisi waandishi tumo, tunaomwongezea mtu ukali kwenye kichwa cha habari ili ubonyeze. Huo ni ukali ulioongezwa, na ulioongezwa unaondolewa pale ulipoongezwa. Ukali hauthibitishi ukweli, kama ambavyo utulivu hauthibitishi.

Tofauti ninayoitafuta ni ndogo lakini inabadilisha kazi ya msikilizaji. Kuna ukali wa aina tatu. Upo uliotiwa na mtu, ambao dawa yake ni kumwambia aliyetia chumvi apunguze. Upo uliozaliwa na upungufu wa nguvu, ambao dawa yake ni ama kumwongezea nguvu anayesema, ama wewe kusogea karibu ili asilazimike kupiga kelele. Na upo uliomo kwenye jambo lenyewe, ambao hauna dawa kwenye redio, unao dawa huko jambo lilikotokea. Kitufe cha trebo kinaitibu dalili ya zote tatu kwa namna moja. Ndiyo raha yake, na ndiyo hatari yake. Kinakupa hisia kwamba umerekebisha, kumbe umetandika blanketi.

Limebaki swali la pili: nani ana haki ya kupunguza? Maana sikio nalo lina haki zake. Siwezi kumwambia mtu mwenye maumivu avumilie kwa ajili ya falsafa yangu.

Niliwahi kuingia nyumba moja Kilole, Korogwe, nikakuta vita baridi kati ya bibi na mjukuu wake. Kijana kanunua sabufa kwa hela ya kuuza machungwa stendi, anataka isikike. Bibi anataka taarifa ya habari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Hebu mwambie mwenzio akizime hicho, kinanitoboa masikio."

"Bibi," kijana akaingilia, "nikipunguza si utasema husikii?"

"Sisikii ndiyo. Kinapiga kelele halafu hakisemi."

Kijana alidhani bibi anajipinga: inauma, halafu haisikiki, haiwezekani. Inawezekana sana. Sikio linapozeeka, sauti nyembamba za juu ndizo zinazoanza kupotea. Mzee anasikia irabu, anasikia kwamba mtu anaongea, ila zile S na SH na F zinazotenganisha maneno hazifiki. Na kwa wazee wengi nafasi kati ya "sisikii" na "inauma" inakuwa nyembamba kama uzi: ukiongeza kidogo haitoshi, ukiongeza tena kidogo inachoma. Bibi alikuwa anaieleza hali yake kwa usahihi wa daktari. Aliyekuwa hajasikia ni kijana.

Sasa hapo haki ni ipi? Jibu la haraka ni nusu kwa nusu: trebo iwekwe katikati, kila mmoja akose kidogo. Inaonekana ni haki kwa sababu inapimika kwa macho. Lakini katikati pale kijana amepoteza muziki wake na bibi bado hapati maneno. Wote wawili wamenyang'anywa, hakuna aliyepewa.

Kilichofanyika nyumba ile kilitoka kwa binti mmoja jirani, siyo kwangu. Sabufa iligeuzwa isielekee kiti cha bibi. Besi ikashushwa, kwa sababu ngurumo zake ndizo zilizokuwa zinayafunika maneno. Mkeka ukatandikwa kwenye vigae. Halafu saa ya taarifa ya habari bibi akawekewa ile redio yake ndogo ya zamani ya mkononi, kwenye meza, hatua moja kutoka sikioni, kwa sauti ndogo. Redio ile haina besi ya kujivunia. Ila iko karibu, kwa hiyo haihitaji kupiga kelele. Bibi akasikia habari mpaka ya mwisho, akaanza kubishana nayo.

Naona humo jibu bora kuliko nusu kwa nusu. Mwenye sikio linalouma ana haki ya kupunguziwa maumivu, na anayesema ana haki ya maneno yake yafike. Haki hizo mbili zinagongana tu pale tunapoamini kwamba dawa ni kitufe kimoja. Ukisogea, ukigeuza, ukitandika, ukipunguza ngurumo za wengine, mara nyingi zinakaa pamoja. Inagharimu muda na kunyanyuka kwenye kiti, na nashuku kwamba kunyanyuka ndiko tunakokukwepa tunaposema mtu fulani "ana sauti mbaya".

Na zipo siku ambazo utafanya hatua zote tano na bado itachoma. Flashi safi, waya umebadilishwa, trebo iko katikati, mkeka upo, besi imeshuka. Hapo huna budi kukubali kwamba S ile imo kwenye rekodi, imetoka mdomoni mwa mtu ikiwa hivyo. Kinachobaki ni kusikiliza alichosema.

Kwa hiyo kama jioni ya leo sabufa yako inakukwaruza, acha trebo kwanza. Weka rekodi ya mtu anayesoma taratibu, mtu unayeijua sauti yake. Badilisha waya, kushoto kwenda kulia. Shusha besi robo. Kimoja kimoja, usiguse viwili kwa mpigo. Na kama kuna mtu mzima sebuleni, muulize anasikia nini, halafu subiri amalize kujibu kabla hujanyoosha mkono.